Nani anayetufasiria uchungu wake? Mwanamke katika hadithi za taharuki za kisaikolojia

Mwanzisha uzi, Busia

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu. Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda, ambako ni mwalimu wa Kiswahili. Kila Jumamosi alasiri hukaa na kina mama wenzangu tisa nyuma ya duka la vitambaa la mmoja wetu, tukasoma riwaya. Miongoni mwetu wamo Wasamia, Waiteso, Waganda na wawili walioolewa huku kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Kitabu huwa kimoja, mara nyingi cha Kiingereza, na anayekishika ni mimi: nasoma aya kimyakimya, kisha naifasiri kwa sauti. Jambo ninalotaka tulijadili limezaliwa katika kazi hiyo ya kufasiri, ingawa mbegu yake ni ya zamani zaidi. Nitafichua miisho ya hadithi kadhaa, hivyo asiyependa kujua asiendelee.

Nilipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, binamu yangu alinipeleka kwenye kibanda cha video, kile chenye mabenchi ya mbao na jenereta inayonguruma nje. Wasiotoka Uganda wajue kwamba katika vibanda vyetu filamu haisemi peke yake. Yuko VJ, mtafsiri anayezungumza juu ya picha kwa Kiluganda, kama marehemu Lufufu alivyofanya kwa Kiswahili Tanzania na kama DJ Afro afanyavyo Kenya. Naye hafasiri maneno tu, anaeleza, anaonya, anashabikia, na akiona picha imenyamaza anaijaza. Siku ile iliwekwa Fatal Attraction ya mwaka 1987, ambayo ilikuwa ya zamani hata wakati huo. Iko sehemu ambapo Alex, yule mwanamke aliyekuwa na mume wa mtu mwisho mmoja wa wiki kisha akaachwa, ameketi sakafuni peke yake usiku, muziki wa opera unalia, naye anawasha taa na kuizima. Anawasha, anazima. Hasemi neno.

VJ akasema kwamba huyu kichwa kimeshaharibika na sasa anapanga kumchinja mtu. Kibanda kizima kikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona mama yangu mdogo akikaa vilevile jikoni, akifunua na kufunika sufuria isiyokuwa na kitu, wiki ile aliporudishwa kwao. Hakuwa akipanga kumchinja mtu yeyote. Alikuwa na uchungu ambao mikono yake haikujua iufanyie nini.

Baadaye, nilipokwisha kuwa mtu mzima, nilijifunza kwamba filamu ile ilikuwa na mwisho mwingine. Katika mwisho wa awali Alex anajiua mwenyewe. Walipoionyesha kwa watazamaji wa majaribio Marekani, hawakuridhika, na ukapigwa mwisho mpya ambamo mke wa yule bwana anampiga Alex risasi bafuni. Glenn Close, aliyemwigiza, alipinga kwa muda kabla ya kukubali. Kumbe watu wa ule ukumbi wa majaribio na watu wa kibanda chetu walitaka kitu kimoja. Mwanamke anayewasha na kuzima taa aliwatia hofu, na hofu yao ikatafuta mtu wa kuwaambia kwamba huyu ni jini, si mtu aliyeumizwa. Nao wakampata.

Nitoke kwenye taa hiyo niende kwenye taa nyingine. Mwaka 1938 Patrick Hamilton, Mwingereza, aliandika mchezo wa kuigiza uitwao Gas Light, na mwaka 1944 George Cukor akaufanya kuwa filamu iliyompatia Ingrid Bergman tuzo ya Oscar. Mume anatafuta vito vya marehemu shangazi wa mke wake katika chumba cha juu ya dari. Kila anapowasha taa za gesi kule juu, taa ya chumbani kwa mke inafifia. Mke anaiona ikififia, anasikia nyayo juu ya kichwa chake, na kila akisema anaambiwa kwamba anajidhania mambo. Wakati huohuo mume anaficha vitu, kisha anamshutumu mkewe kuwa ndiye aliyevipoteza. Siku kwa siku mwanamke yule anaacha kuyaamini macho yake. Kutokana na jina la mchezo huo wasemaji wa Kiingereza wakapata neno la tendo, to gaslight, ambalo sisi tulikuwa tayari tunaliita kumchezea mtu akili.

Kinachonigusa katika filamu hiyo ni dakika ambayo mgeni, askari mpelelezi, anakaa chumbani na mke yule na yeye pia anaiona taa ikififia. Tazameni uso wa Bergman hapo. Hafurahi kwamba mumewe ni mwovu. Anachopata ni nafuu ya kujua kwamba macho yake yalikuwa mazima. Na mwishoni, mume akiwa amefungwa kitini na anamwomba mkewe achukue kisu amkate kamba, mke anamjibu kwa lugha ileile aliyofundishwa na mumewe: kwamba yeye ni kichaa, na kichaa hawezi kumsaidia mtu. Hapo mwanamke ana hasira, ana huzuni, ana ukatili, na bado anampenda kidogo mtu anayemwadhibu. Hayo yote yanakaa katika uso mmoja, na hakuna VJ anayeweza kuyamaliza kwa sentensi moja.

Sasa nije kwenye kitabu kilichotufanya kwenye kundi letu tukae kimya. The Girl on the Train kilitoka mwaka 2015, na mwandishi wake, Paula Hawkins, alizaliwa na kukulia Harare. Rachel ametalikiwa, ni mlevi, na kila siku anapanda treni ya kwenda London akijifanya bado ana kazi, huku akizitazama nyumba zilizo kando ya reli, ikiwemo ile iliyokuwa yake. Alijaribu kupata mtoto akashindwa, na ndipo pombe ilipoingia. Kila alipolewa hadi kusahau, asubuhi mumewe Tom alimsimulia alichofanya usiku: eti Rachel alimpiga Tom, alivunja vitu, alimwaibisha mbele za watu. Rachel aliomba msamaha kwa mambo hayo miaka mingi. Msomaji naye anamhesabu kuwa mwongo na mwenye fujo, kwa sababu ni kweli kwamba anadanganya, ni kweli kwamba analewa, ni kweli kwamba anazungukazunguka kwenye nyumba ya mtalaka wake. Kisha kumbukumbu zinaanza kurudi, nasi tunaona kwamba mwenye kupiga alikuwa Tom.

Nilipofasiri sehemu za mwanzo, nilikuwa namsoma Rachel kwa sauti fulani. Sikuitambua mpaka mama mmoja aliponiuliza, bila ukali, "Mwalimu, mbona ukimsoma huyu unamkunjia pua?" Nilikuwa nimegeuka VJ. Maneno yalikuwa ya Hawkins lakini hukumu ilikuwa yangu, na wenzangu wanane walikuwa wakicheka pale nilipowaelekeza wacheke.

Wiki chache baadaye tukafika pale ukweli unapofichuka. Mama yule aliyeniuliza, ambaye hanywi pombe na hajawahi kunywa, akaweka kidole juu ya ukurasa ambao hawezi kuusoma vizuri, akasema, "Wangu naye alikuwa ananiambia asubuhi nilichosema jana yake. Nami nilikuwa nikitubu." Hakuna aliyemjibu. Mwenye duka alisimama akaanza kukunja upya vitenge vilivyokuwa vimekunjwa tayari.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Katika hadithi za aina hii uchungu wa mwanamke haufiki kwetu ukiwa mtupu. Daima kuna mtu katikati anayetufasiria, awe mume, daktari, askari, mwandishi, au sisi wenyewe tunaosoma. Hadithi nzuri humfanya msomaji ajikute katika kazi hiyo ya kufasiri, aone jinsi alivyoifanya vibaya. Hadithi mbaya hutuajiri tuwe VJ kisha ikatupongeza. Nawauliza wenzangu mlioona filamu hizi au kusoma vitabu hivi: nyie mlisimama upande gani kabla ukweli haujajulikana?

Mchangiaji, Jinja

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na nakushukuru, lakini umeruka kitabu kinachokusumbua. Katika Gone Girl ya Gillian Flynn, ya mwaka 2012, mwanamke, Amy, anaandika shajara ya uongo ukurasa kwa ukurasa, anajitengeneza kuwa mke anayemwogopa mumewe, kisha anatoweka ili mume ashtakiwe kwa mauaji. Nusu ya kwanza ya kitabu niliiamini ile shajara. Nilikuwa msomaji mwema kwa kipimo chako: nilimwamini mwanamke. Nikaadhibiwa. Nina watoto wa kiume wawili, nami najiuliza hadithi kama hiyo inamfundisha nini kijana, na wakati huohuo najiuliza inamfundisha nini hakimu anayesikiliza mke aliyepigwa kweli.

Mwanzisha uzi

Kaka, umenigusa panapouma, na sikuruka kwa hila; nilikuwa bado natafuta la kusema. Nakubali kwamba Amy anachukua silaha ya wanawake waliopigwa kweli na kuitumia kwa uongo, na kwamba kwa mtu anayetafuta sababu ya kutomwamini mke wa jirani, kitabu hiki ni zawadi. Hilo linaniudhi hadi leo.

Lakini rudi kwenye zile kurasa maarufu anazoeleza jinsi alivyoishi miaka mingi akijifanya mwanamke asiyekasirika, anayependa kila anachopenda mume, anayekula atakavyo na asinenepe, anayecheka kila utani. Pale, katikati ya uovu wake wote, Amy anasema jambo ambalo kina mama wa kundi letu walilitikisia kichwa mpaka viti vikalia. Flynn amempa mwovu uchungu wa kweli na hakuufanya uchungu huo kuwa msamaha. Tofauti na Fatal Attraction ni hapo: Alex ananyamazishwa ili tumwogope, Amy anapewa kurasa nzima aseme, nasi tunamwogopa tukiwa tumemsikia. Mwanamke ambaye akiumia lazima awe malaika hana nafsi ya mtu. Angalia pia Megan katika kile kitabu cha treni: alisinzia kwenye beseni la kuogea na mtoto wake mchanga akafa. Ana hatia na ana msiba, vyote viwili katika kifua kimoja, na mwandishi hatuambii tuanze na kipi.

Kuhusu hakimu sina jibu litakaloniridhisha. Ninachojua ni kwamba ulipogundua umedanganywa ulirudi kujichunguza wewe mwenyewe kama msomaji, na hukuondoka ukisema wanawake ndivyo walivyo. Wapo waliosema hivyo.

Mchangiaji, Kampala

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nina mambo mawili.

Kwanza, wanafunzi wa uuguzi hupelekwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kwa mafunzo, na wengi hufika wakiwa na filamu vichwani: wanategemea visu na vicheko vya usiku. Wanachokuta ni watu waliochoka. Watu wenye maradhi ya akili huumizwa na wengine mara nyingi kuliko wanavyowaumiza wengine, lakini hadithi za taharuki hupenda kugeuza mkondo huo kwa sababu mgonjwa mwenye kisu anauza tiketi. Wanawake ninaowahudumia hueleza maumivu kwa mwili kabla ya kuyaeleza kwa maneno: kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mgongo unawaka. Uchungu wa moyoni huingia hospitalini ukiwa umevaa nguo ya malaria. Flynn huyohuyo, katika Sharp Objects ya mwaka 2006, alilijua hilo alipomwandika Camille aliyechanja maneno kwenye ngozi yake mwenyewe. Ni vigumu kusoma, lakini ni kweli zaidi kuliko yule wa kisu.

Pili, kuhusu Rachel. Mtu akinywa sana kwa haraka, ubongo unaweza kuacha kabisa kuhifadhi kumbukumbu mpya ingawa mtu anatembea na kuzungumza. Kwa yule aliyepoteza vipande tu, dalili ndogo kama harufu au mahali huweza kuvirudisha. Kwa yule aliyepoteza usiku mzima, hakuna cha kurudisha, kwa kuwa hakikuwekwa. Rachel alibahatika kuwa wa kundi la kwanza. Mwalimu, fikiria Rachel wa kundi la pili: Tom angemwambia chochote, na asingekuwa na kitu cha kupinganisha nacho mpaka kufa.

Mchangiaji, Masaka

Wanangu, mimi ni mtu mzima, na Kiswahili changu nilikipata kambini, maana marehemu mzee wangu alikuwa mwanajeshi. Kwa ndugu zangu mimi ni ssenga, yaani shangazi anayemfunda binti kabla ya kwenda kwa mume. Kwetu Buganda tuna usemi, ebyomunju tebitottolwa, mambo ya ndani ya nyumba hayasimuliwi nje. Nimewaambia usemi huo mabinti wengi, nami niliambiwa.

Nilivyouelewa mimi, ulikuwa wa kulinda heshima ya watu wawili, kusudi mke asiende kisimani kutangaza kwamba mume hana fedha, na mume asiende kwenye pombe kutangaza yaliyo ya chumbani. Haukuwa wa kumfungia mtu ndani na anayemtesa. Lakini nimesoma habari ya hiyo taa ya gesi, na yule mama mwenye kidole ukurasani, na nimekaa nikahesabu mabinti niliowaambia. Mmoja alinijia mara tatu. Hakuwa na alama mwilini. Nilimtazama mikono, nikamtazama shingo, sikuona kitu, nikamrudisha. Hakuna aliyenifundisha kutazama kisichoonekana.

Mwanzisha uzi

Shangazi, shikamoo sana. Umeandika kile ambacho ningehitaji ujasiri wa miaka mingine ishirini kukiandika, na siwezi kukubebea uzito wake. Naomba tu niongeze kwamba hukuwa peke yako: sheria yenyewe ilichelewa kutazama kisichoonekana. Ni mwaka 2010 ndipo Sheria ya Uganda ya Ukatili wa Nyumbani ilipotaja kwa jina mateso ya kihisia, ya maneno na ya kisaikolojia pamoja na kipigo. England na Wales waliifanya tabia ya kumtawala mwenzi kwa hila na vitisho kuwa kosa la jinai mwaka 2015, mwaka uleule kitabu cha treni kilipochapishwa.

Na wewe, dada muuguzi, umeliona tundu katika hoja yangu kabla sijaliona. Nilisifu dakika ile mpelelezi anapoiona taa ikififia. Sasa dakika hiyo inanisumbua. Hadithi hizi karibu zote huishia kwenye ushahidi: taa inafifia mbele ya shahidi, kumbukumbu inarudi, shajara inapatikana, mwanamke mwingine anasema nami yalinikuta. Taharuki inahitaji fundo lifunguliwe, nalo hufunguliwa kwa kumthibitisha mwanamke. Tunamwamini baada ya kuthibitishwa. Binti wa shangazi aliyekuja mara tatu hakuwa na taa. Mama yangu mdogo na sufuria yake hakuwa na taa. Nikijipima vizuri, nilimwamini Rachel pale tu mwandishi aliponipa ruhusa, na hilo haliwezi kuitwa kuamini.

Mchangiaji, Jinja

Basi je, ipo hadithi ya namna hii isiyokuwa na mpelelezi? Ambayo hakuna anayekuja?

Mwanzisha uzi

Ipo, kaka, nami nimeifikia kwa njia ya ajabu kidogo.

Yule mama wa kidole hakuja Jumamosi mbili baada ya siku ile. Alipokuja ya tatu, tulikuwa tumebakiza sura za mwisho, na nilipofungua kitabu aliniomba nisizisome mbele yake. Alisema anajua Tom atakamatika, kwa sababu kitabu kimebaki chembamba mkononi mwangu na lazima kuna mtu wa kukamatika. Akauliza swali hilohilo lako: kama kuna kitabu ambamo hakuna anayekamatika na hakuna anayekuja kuona, lakini mwanamke anaandikwa vizuri.

Nikakumbuka hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani, iliyochapishwa mwaka 1892, The Yellow Wallpaper. Mke amejifungua, ana huzuni isiyomwachia, na mumewe, ambaye ni daktari, anaagiza apumzike kabisa: asifanye kazi, asiandike, akae katika chumba cha juu chenye karatasi ya ukutani ya rangi ya manjano. Gilman mwenyewe alikuwa amepewa tiba ya namna hiyo na daktari mashuhuri, Silas Weir Mitchell, na ilikaribia kumwangamiza. Katika hadithi mke anaandika kwa kuiba. Mume hampigi, hamtukani. Anambeba, anamsomea, anamwita kwa majina ya mapenzi, na kila mke anaposema haoni nafuu, mume anamwambia kwamba yeye kama daktari anaona nafuu. Hakuna vito darini, wala askari hagongi mlango. Mwanamke anaanza kumwona mwanamke mwingine akitambaa nyuma ya michoro ya ile karatasi, akiitikisa ili atoke, na siku ya mwisho anaibandua na kutambaa kukizunguka chumba. Mume anaingia, anazimia, na mke anaendelea na mzunguko wake, akipita juu ya mwili wa mume kila anapofika hapo.

Nakala ninayo kwenye simu, lakini ya Kiswahili sina, kwa hiyo nimeanza kuifasiri kwa mkono kwenye daftari la shule la kurasa 96. Hadithi hii sitaki kuisoma kwa sauti mbele ya kundi. Nimempa daftari aende nalo nyumbani, aisome mwenyewe kwa mwendo wake, pasipo sauti yangu juu ya picha. Nimefika pale mke anapoanza kuona kwamba michoro hubadilika kwa mwanga wa mwezi. Jana alilirudisha ili niendelee, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa penseli, alikuwa amepigia mstari sehemu ambapo mume anamcheka mkewe, na mke anaandika kwamba katika ndoa mtu hutegemea hilo. Chini yake ameandika neno moja, "Ndiyo."